Janga Likifunga Milango: Namna Serikali Inavyoweza Kuwafikia Wanaoteswa Majumbani na Watoto Walio Hatarini

Simu za kuomba msaada zikipungua ghafla wiki ya kwanza ya watu kufungiwa ndani, usidhani mambo yametulia. Italia ilizuia watu kutoka majumbani Machi 2020, na mwanzoni simu kwenye namba ya taifa ya 1522 zilipungua. Hesabu ilipofungwa kwa kipindi cha 1 Machi hadi 16 Aprili, zilikuwa 5,031, ongezeko la asilimia 73 kulinganisha na kipindi hichohicho mwaka 2019. Siku zile za ukimya watu walikuwa wakipigwa kama kawaida. Walichokosa ni pahali pa kupigia simu bila kusikika.

Kwa watoto ukimya huo ni mzito zaidi. Wengi wao hawapigi simu. Husemewa na watu wazima wanaowaona kila siku. Nchini Marekani, kabla ya COVID-19, karibu taarifa moja kati ya tano za mtoto anayedhaniwa kunyanyaswa ilitoka kwa walimu na wafanyakazi wa shule. Shule zikifungwa, macho hayo yote yanafumba siku moja.

Mwongozo huu ni wa maofisa wa wizara na serikali za mitaa, maofisa ustawi wa jamii, polisi, na viongozi wa mashirika yanayoendesha nyumba salama (makazi ya siri ya wanaokimbia ukatili) na simu za msaada. Kila kinachoelekezwa humu kipimwe kwa swali moja: je, kinaweza kutumiwa na mtu aliyekaa sebule moja na anayemtesa?

Anza na maneno ya amri yenyewe

Kabla ya fedha, kuna sentensi mbili za kuingiza kwenye kanuni za kuzuia watu kutoka nje, na hazigharimu kitu. Ya kwanza: mtu anayekimbia ukatili, pamoja na watoto wake, hatendi kosa kwa kutoka, saa yoyote. Ya pili: nyumba salama, simu za msaada, maofisa ustawi wa jamii na mahakama zinazotoa amri za ulinzi ni huduma za lazima, hazifungwi. Hispania iliziweka huduma hizi kwenye orodha ya lazima kwa amri ya serikali ya 31 Machi 2020. England iliandika kwenye kanuni zake za 26 Machi 2020 kwamba kukimbia madhara ni sababu halali ya kutoka. Hata hivyo, Aprili 11 waziri wa mambo ya ndani bado alikuwa akilirudia jambo hilo mbele ya waandishi wa habari, kwa sababu masikio ya watu yalishashika "kaa nyumbani" peke yake. Kwa hiyo ruhusa hiyo itajwe ndani ya tangazo lenyewe la kufunga, kwa sauti ileile ya kiongozi anayetangaza, si kwenye kipeperushi cha wiki inayofuata.

Kisha shuka kwa askari wa kwenye vizuizi vya barabarani. Mwanamke aliyetoroka usiku hana kibali na pengine hana hata kitambulisho, maana kimefichwa. Maelekezo kwa askari yawe mafupi: usimdai ushahidi, usimrudishe alikotoka, usimpigie mumewe "kuthibitisha", mpigie ofisa wa zamu wa ustawi wa jamii kwa namba hii. Namba hiyo ijaribiwe usiku wa manane kabla ya kuchapishwa.

Wafanyakazi wanahitaji barua za kusafiri. Weka jina, namba ya kitambulisho, namba ya gari, saa za kazi na simu ya kuhakiki, na isainiwe na mamlaka ambayo polisi wanaitambua, kwani barua ya wizara ya ustawi peke yake mara nyingi hukataliwa barabarani. Kosa linalojirudia ni kuandika kwenye barua anwani ya nyumba salama. Barua hiyo ikidondoka au ikipigwa picha, nyumba si salama tena. Andika "huduma za jamii", inatosha.

Fedha zifike kabla hazijapoa

Serikali nyingi zilitangaza fedha mapema. Ufaransa, mwishoni mwa Machi 2020, iliahidi yuro milioni 1 kwa mashirika na kulipia usiku 20,000 wa malazi hotelini. Kanada ilitenga hadi dola milioni 50 za nchi hiyo kwa nyumba salama na vituo vya manusura. Sheria ya dharura ya Marekani ya 27 Machi 2020 ilikuwa na dola milioni 45 za huduma dhidi ya ukatili wa majumbani, milioni 2 za simu ya taifa, na milioni 45 za huduma za ustawi wa watoto. Lakini fedha iliyotangazwa haimlazi mtu. Kati ya hazina na nyumba salama kuna vizuizi vinavyojulikana, na vyote vinaweza kuondolewa kwa waraka mmoja.

Usianzishe zabuni mpya. Mashirika yenye mikataba hai yaongezewe kiambatisho cha ukurasa mmoja: kiasi, muda, matumizi yanayoruhusiwa. Lipa sehemu kubwa mbele. Utaratibu wa "tumieni kwanza, tutawarudishia" huua mashirika madogo, kwa sababu akiba yao ni ya mwezi mmoja au miwili na hoteli haikopeshi. Orodha ya matumizi iwe pana: mishahara ya watu wa ziada, kodi, chakula, usafiri, simu na bando, vitakasa mikono, malazi ya nje. Fungu likifungwa kwenye barakoa tu, stoo zitajaa barakoa huku simu ikilia bila wa kupokea. Ruhusu pia ruzuku za zamani zibadilishwe matumizi. Semina iliyopangwa Aprili haitafanyika. Fedha yake iende kwenye vitanda.

Mashirika madogo yapitishiwe kwa mtandao wao wa kitaifa, kama Kanada ilivyofanya kwa kuwapa fedha mtandao wa nyumba salama na kuuachia ugawaji. Kanuni ya kugawa isiwe ya kuombea: kiwango sawa kwa kila nyumba, pamoja na nyongeza kwa kila kitanda. Fomu ya kurasa ishirini huwapa wanaojua kuandika fomu, si wanaopokea watu wengi.

Jambo la mwisho kwenye fedha, na ndilo husahauliwa zaidi, ni stakabadhi. Mkaguzi atataka kuona nani alilala hotelini. Kaeni naye mapema mkubaliane kwamba hati zitabeba namba ya jalada badala ya jina, na kwamba orodha ya majina itabaki kwenye kabati la shirika, ataiona pale pale bila kuondoka nayo. Makubaliano haya yakichelewa, ama majina yanavuja ama shirika linadaiwa kurudisha fedha iliyotumika vizuri.

Simu: hesabu, kisha namna ya kuzungumza

Kiti kimoja cha kupokea simu usiku na mchana kina saa 168 kwa wiki. Mfanyakazi wa saa 40 anaonekana kuhitaji wenzake watatu tu na ziada kidogo, lakini ukitoa likizo, ugonjwa na mafunzo, unahitaji watu 5 kwa kila kiti. Viti vitatu ni watu 15. Bajeti inayoandika "wahudumu 6, saa 24" maana yake ni kwamba saa nyingi kuna kiti kimoja tu chenye mtu. Ongeza viti viwili vya maandishi, kwa kuwa aliyefungiwa ndani na mnyanyasaji anaweza kuandika akiwa chooni, lakini hawezi kuongea. Ufaransa iliifungua namba yake ya ujumbe mfupi ya 114 kwa wanaoteswa majumbani kuanzia 1 Aprili 2020 kwa sababu hiyohiyo.

Namba iwe fupi na bure, kama 116 inayotumika kwa watoto katika nchi kadhaa za Afrika. Kampuni za simu ziagizwe isionekane kwenye orodha ya simu zilizopigwa inayotumwa na bili, na ifanye kazi hata salio likiwa sifuri.

Mhudumu anayepokea aanze na maswali ya ndiyo au hapana:

– Uko peke yako?
– Yupo karibu na anaweza kusikia?
– Kuna aliyeumia sasa hivi?
– Tukikatika, nikupigie? Saa ngapi?

Mtu akiingia ghafla chumbani, mhudumu ageuke papo hapo kuwa anayefanya utafiti wa afya: "Ahsante, na nyumbani mko wangapi?" Mgeuko huo ufanyiwe mazoezi kwa sauti, mara kumi au ishirini, hadi utoke bila kusita. Sekunde tatu za kimya zinatosha kumtia mtu matatani. Kupiga tena bila ruhusa yake ni marufuku kabisa, hata kama alilia. Simu hiyo inaweza kupokelewa na mkono mwingine. Kwa ujumbe wa maandishi, mwambie mapema afute mazungumzo, ila asifute simu nzima: simu tupu nayo huulizwa maswali.

Wahudumu wakihamishiwa kufanya kazi nyumbani kwao, wape vipokea sauti vya masikioni, chumba chenye mlango, na msimamizi anayepatikana zamu nzima. Anayesikiliza vilio kwa muda wa saa nane peke yake mezani kwake, bila mtu wa kumgeukia akimaliza, huchoka ndani ya wiki chache na kuacha kazi wakati anahitajika zaidi. Saa moja ya kuzungumza na mshauri kila wiki ihesabiwe kama saa ya kazi yenye malipo.

Neno la siri dukani

Duka la dawa hubaki wazi hata miji ikifungwa, na hakuna anayeulizwa kwa nini anakwenda huko. Visiwa vya Canary vilianza Machi 2020: anayeteswa aliomba "Mascarilla 19", yaani barakoa 19, naye muuzaji akapiga simu ya dharura. Uingereza ilianza utaratibu wake wa kumuulizia "ANI" (kifupi cha Kiingereza cha "hatua inahitajika mara moja", kinachosikika kama jina la mtu) kwenye maduka ya dawa 14 Januari 2021. Nchini Kanada, Aprili 2020, ulianza utaratibu wa ishara ya mkono kwa simu za video: kiganja wazi, kidole gumba kikunjwe ndani, vidole vinne vikifunike.

Mpango wa namna hii hufa kwenye kaunta. Mwanamke anakusanya ujasiri wa siku tatu, anatamka neno, na kijana wa zamu ya jioni aliyeajiriwa jana anamjibu, "Hizo zimeisha." Hatarudi tena. Ndiyo maana neno lisitangazwe hewani kabla wafanyakazi wote wa duka hawajasaini kwamba wameelekezwa, wakiwemo wa muda na walinzi. Hatua za dukani ni hizi: mwite kwenye chumba cha ushauri "kusoma kipimo", muulize kama anataka polisi, simu ya msaada, au kukaa tu kidogo, mpe simu ya duka, si yake, usimzuie akiamua kurudi nyumbani. Aliyekuja naye abaki nje kwa sababu inayoaminika, kama sharti la kuachiana umbali. Kila mwezi ofisa atume mtu wa kujaribu neno hilo kwenye maduka kadhaa, na duka lililoshindwa lifundishwe upya siku hiyohiyo.

Vitanda, na nani anayepaswa kuondoka

Chukua nyumba salama ya vyumba 10 iliyokuwa ikiweka familia mbili kwa chumba. Sharti la kutochanganya kaya linaishusha kutoka familia 20 hadi 10. Tenga chumba kimoja cha uangalizi kwa wageni, zimebaki 9. Mgeni akitakiwa kukaa humo siku 14, kama ilivyokuwa 2020, chumba hicho kinapokea familia mbili tu kwa mwezi. Ikiwa nyumba ilizoea familia mpya mbili kwa wiki, inahitaji vyumba 4 vya uangalizi. Bila hivyo imejifunga yenyewe, na hakuna mtu aliyetangaza.

Hapo ndipo hoteli inapoingia. Kodi vyumba kwa mkupuo wa miezi mitatu kwa jina la shirika, kwani kutafuta chumba saa nane usiku, kesi moja moja, hushindikana. Katika mkataba andika kwamba mapokezi hawataandika majina kwenye daftari la wageni, hawatathibitisha kwa mpigaji simu yeyote kama mtu fulani yupo, na kwamba kuna pa kupikia. Mama mwenye watoto watatu ndani ya chumba kisicho na jiko hurudi nyumbani siku ya tano, na kinachomrudisha ni njaa na uchovu, si mapenzi.

Angalia vifaa vya watoto. Simu ya mama ikizimwa, tableti ya mtoto yenye akaunti ya mchezo iliyofunguliwa na baba inaweza kuwa bado inaonyesha walipo. Lakini usimwelekeze azime huduma ya mahali akiwa bado nyumbani: kuzimika ghafla humshtua mnyanyasaji. Azime akishatoka.

Kwa maoni yetu, njia ya haki zaidi ni mnyanyasaji kuondolewa, mama na watoto wabaki kwao. Mwendesha mashtaka wa Trento, Italia, alielekeza hivyo Machi 2020. Ili amri hiyo isibaki maandishi, serikali iwe na pahali pa kumpeleka aliyeondolewa. Hakimu akijua mtu huyo hana pa kulala na hoteli zimefungwa, atasita kumtoa, na polisi watamrudisha "kwa leo tu". Vyumba vichache vya serikali kwa ajili hiyo huokoa vitanda vingi vya nyumba salama. Amri za ulinzi zilizokuwa ziishe wakati mahakama imefungwa ziongezwe zenyewe hadi itakapofunguliwa, na maombi mapya yapokelewe kwa simu kupitia ofisa ustawi wa jamii. Wito wa mahakama usitumwe kwa ujumbe kwenye simu ya familia.

Watoto: usiache kubisha hodi

Ofisi nyingi hukimbilia simu ya video kwa kila mtoto. Ni kosa. Kamera haina pua. Haiwezi kunusa choo wala pombe, na haionyeshi aliyesimama nyuma yake akimkazia mtoto macho. Pangeni majalada yote upya ndani ya siku tatu, kwa rangi. Nyekundu: mtoto chini ya miaka mitano, mwenye ulemavu asiyeweza kujieleza, aliyewahi kuumizwa, au mnyanyasaji yumo ndani. Hawa hutembelewa ana kwa ana kila wiki. Njano: ziara kila wiki mbili na simu katikati. Kijani: simu kila wiki, na ziara mara simu mbili zikikosa kujibiwa. Rangi ipitiwe kila wiki, kwa sababu baba aliyepoteza kazi jana hubadilisha jalada leo.

Ziara ya mlangoni ina utaratibu wake. Ofisa avae barakoa, asimame mita mbili, na amwombe mtoto atoke nje, atembee naye hatua chache hadi mzazi asisikie. Mtoto akikimbia au kuruka, ofisa ataona kama anachechemea. Aulize anavyolala, nani hulala naye, alikula nini tangu asubuhi, nini humtisha ikifika usiku. Maswali ya "uko sawa?" hujibiwa "ndiyo" na kila mtoto duniani. Kisha aombe kuonyeshwa kitanda na chakula kilichopo, hata kupitia dirishani. Mzazi akisema kuna mgonjwa ndani, ofisa asiondoke hivyohivyo: aombe mtoto aletwe dirishani, na arudi kesho yake. Ugonjwa ni kisingizio rahisi kuliko vyote wakati wa janga. Vifaa kinga kwa maofisa hawa viwekwe kwenye mgao uleule wa wahudumu wa afya. Wakiachwa nje ya orodha hiyo, ziara husimama ndani ya wiki moja.

Walimu nao wapewe rasmi kazi ya kuwapigia simu wanafunzi wao kila wiki. Mwalimu mwenye wanafunzi 40, dakika 10 kwa kila mmoja, anatumia chini kidogo ya saa 7 kwa wiki. Zipo, maana darasa limefungwa, ila zilipiwe vocha na serikali, zisitoke mfukoni mwake. Aombe kuongea na mtoto mwenyewe, na aandike kila jina ambalo halikupatikana. Orodha ya wasiopatikana ndiyo ya thamani kuliko zote, na iende kwa ofisa ustawi wa jamii kila Ijumaa. Wanaogawa chakula au fedha za msaada nao wajue namba ya kuripoti, maana wanafika milango ambayo wengine hawafiki.

Kuhusu malezi mbadala, yaani watoto wanaolelewa na walezi nje ya familia zao, andaa mapema walezi wa akiba, kwa kuwa walezi wengi ni watu wa umri mkubwa walio hatarini kuugua. Posho iongezwe siku watoto wanapobaki nyumbani mchana kutwa. Mawasiliano na wazazi yasikatwe: kwa mtoto mdogo, dakika tano mara tatu kwa wiki zinamfaa kuliko nusu saa moja ya video atakayoikimbia. Na kijana anayefikisha umri wa kutoka kwenye malezi asitolewe katikati ya janga. Marekani, kwa sheria ya 27 Desemba 2020, ilizuia majimbo kuwatoa vijana kwa sababu ya umri hadi 30 Septemba 2021, na kuwaruhusu waliokwisha kutolewa warudi.

Milango ikifunguliwa

Wimbi kubwa la taarifa huja baada ya kufunguliwa, mtoto anapokaa tena mbele ya mwalimu na mama anapopata saa moja ya kwenda sokoni peke yake. Kwa hiyo fungu la dharura lisiishe siku ya kuondoa marufuku. Liendelee angalau miezi sita, na salio lisirudi hazina mwaka wa fedha ukifungwa. Wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa, kila shule ipate jina na simu ya ofisa mmoja, na walimu wapewe nusu siku ya mafunzo: namna ya kusikiliza bila kuhoji, kuandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na kuripoti siku hiyohiyo.

Wakati wa Ebola, Sierra Leone ilifunga shule kwa miezi mingi, na wasichana wengi walipata mimba. Shule zilipofunguliwa 2015, wenye mimba zinazoonekana walizuiwa kuingia, na marufuku hiyo ilikuja kuondolewa Machi 2020. Wengi wa waliohitaji kuulizwa yaliyowapata walifungiwa nje ya lango. Tangazo la kufungua shule liandike wazi kwamba msichana mjamzito na aliyejifungua wanapokelewa, na siku ya kwanza mwalimu aanze na daftari la mahudhurio la kabla ya kufunga: kila jina lisiloitikia lifuatiliwe hadi nyumbani ndani ya wiki hiyo.